Miaka 27 kwenye mawasiliano na TEHAMA: niulizeni, ila nianze na usiku niliojifungia nje ya ruta

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila baada ya siku mbili tatu anaibuka kijana humu anauliza kozi gani ya TEHAMA "inalipa". Majibu ni yale yale ya mkato: soma usalama wa mitandao, soma mambo ya wingu, soma akili mnemba. Siku ya kazi yenyewe ikoje, hakuna anayemwambia. Nimeona nifungue uzi. Niliingia kwenye mawasiliano mwaka 1997 kama fundi wa simu za mezani. Nikapanda minara, nikahamia chumba cha mitambo, nikaja ruta (vifaa vinavyoelekeza data ipite njia gani), nikaja fiba (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga), na sasa naongoza timu inayolinda mtandao usilale. Kampuni sitaji, na msinifuate inboksi kuniuliza.

Naanza na aibu, maana sifa mtazipata kwenye wasifu wa kila mtu.

Mwaka wangu wa nane kazini tulikuwa na ruta moja iliyokaa mbali, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka ofisini. Nilitakiwa kubadilisha orodha ya ruhusa, ile inayosema nani apite na nani azuiwe. Kazi ya dakika tano. Nikaingia kwa mbali saa saba usiku, muda wa matengenezo, watu wamelala. Nikafuta orodha ya zamani. Nikaandika mstari wa kwanza wa orodha mpya, nikabonyeza. Skrini ikaganda.

Kwa wasiojua: kwenye ruta zile, orodha ikiwa tupu kila kitu kinapita. Ukishaandika mstari mmoja tu, mwishoni mwake linajiweka katazo usiloliona kwa macho: ambaye hajatajwa, marufuku. Mstari wangu wa kwanza ulimruhusu mtu mwingine. Mimi nilikuwa napanga kujitaja mstari wa pili.

Kule kituoni kulikuwa na mlinzi peke yake, na ufunguo wa chumba cha mitambo nilikuwa nao mimi mfukoni. Nikawasha gari. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikazima swichi ya umeme, nikahesabu hadi kumi, nikawasha. Kwa bahati nilikuwa sijahifadhi kitu, kwa hiyo ruta ikaamka na orodha yake ya zamani, wateja wakarudi hewani. Saa nne za barabara kwa kitendo cha sekunde kumi, na saa nne nyingine za kurudi nikitunga maelezo ya kumpa bosi.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kifaa cha mbali nakiagiza kijiwashe upya baada ya dakika 10. Nikijifungia nje, kinanifungulia chenyewe. Kazi ikienda salama, nafuta agizo. Kwenye ruta za Cisco amri yake ni `reload in 10`. Juniper, watengenezaji wengine wa ruta, wana `commit confirmed`, ambayo usipothibitisha ndani ya muda inarudisha mipangilio ya zamani. Amri ile niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi, nikaibandika juu ya ile ruta kabla ya kufunga mlango.

Haya, karibuni.

#2 Zamu ya Usiku

Hahahaa mkuu umenikumbusha mbali. Yangu ilikuwa swichi, siyo ya umeme, ile inayounganisha kompyuta za jengo. Nilitaka kuongeza mtandao mmoja kwenye njia inayobeba mitandao ishirini na kitu. Nikasahau neno `add`. Swichi ikaelewa kwamba nataka upite huo mmoja tu. Jengo zima kimya. Herufi tatu, wakuu.

#3 Mleta uzi

Karibu chamani, mkuu. Asiyewahi kusahau hiyo `add` ujue hajakaa sana kwenye swichi.

#4 Kijana wa Waya

Shikamoo kiongozi. Niko mwaka wa pili chuo. Nichague mitandao au uandishi wa programu? Na je, kuna haja ya kujifunza mambo ya zamani kama simu za mezani, au ni kupoteza muda?

#5 Mleta uzi

Marahaba kijana. Naanza na la pili.

Mwezi wangu wa kwanza nilipewa bisibisi, simu ya majaribio na mzee mmoja wa kunifundisha. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alinikalisha mbele ya kabati la nyaya za shaba, akaniambia nikariri rangi. Kwenye nyaya tulizotumia, kundi la kwanza ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. La pili ni buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Unaoanisha moja ya huku na moja ya kule, unapata jozi 25 zisizofanana. Hadi leo uniamshe usingizini uniulize jozi ya 17, nitakujibu njano na chungwa.

Halafu akanipeleka chumba cha betri. Betri kubwa za maji, kila moja volti 2, zimeungwa 24 kwa mstari. Akauliza, "Kwa nini umeme wa simu ni volti 48 hasi? Kwa nini chanya ndiyo tumeipeleka ardhini?" Nikaanza kumtajia fomula za chuoni. Akanyamaza hadi nilipoishiwa. Akasema, "Shaba inazikwa kwenye udongo wenye unyevu. Ukiipa chanya, udongo unaila. Ukiipa hasi, inadumu." Basi. Akaondoka.

Kijana, nenda leo kwenye mnara mpya kabisa wa 5G, fungua kabati la umeme. Utakuta volti 48 hasi, chanya imefungwa ardhini. Shaba ile iliyozikwa haipo tena, kilichobaki ni desturi yake. Nimemwona fundi hodari aliyetoka kwenye umeme wa magari, ambako hasi ndiyo hufungwa kwenye bodi, akiunganisha kadi mpya kwa mazoea ya gari. Ilitoa moshi kabla hajashuka ngazi.

Kwa hiyo jibu langu: kifaa cha zamani usikihangaikie, ila sababu yake ijue. Nimejifunza mitambo ya kuunganisha simu ambayo leo hakuna anayeijua hata jina. Nimejifunza 2G, kizazi cha pili cha simu za mkononi, na kuna nchi imeshazimwa, AT&T ya Marekani waliizima Januari 2017. Ujuzi wa vitufe vya mitambo ile ulikufa nayo. Umeme, mwanga, masafa, foleni, mambo ya kwa nini, hayajawahi kunitupa.

La kwanza sasa, mitandao au programu. Siku hizi mhandisi wa mitandao asiyeweza kuandika skripti ya kugusa vifaa 400 kwa mkupuo ataachwa nyuma na aliyeajiriwa jana. Na mwandishi wa programu asiyejua pakiti, yaani vipande vya data, zinapita wapi atailaumu seva mwezi mzima kumbe tatizo ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Chagua moja uipende, nyingine uilazimishe.

#6 Mpita Njia

Kwa heshima zote mkuu, hizi ni hadithi za wazee. Siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu. Unabofya, seva inasimama. Nani ana habari na betri?

#7 Mleta uzi

Mkuu, wingu ni kompyuta ya mtu mwingine ndani ya jengo lenye mlango, umeme na fiba inayoingilia ukutani.

Kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa takriban saa sita. Hakuna aliyewashambulia. Wakati wa matengenezo ya kawaida ilitolewa amri, ikaangusha uti wa mgongo unaounganisha vituo vyao vya data. Seva zao za DNS zilipoona hazivifikii tena vituo hivyo, zikajiondoa zenyewe, zikaacha kujitangaza kwa BGP. BGP ndiyo itifaki ambayo mitandao hutumia kuambiana "anwani fulani ziko kwangu, pitieni huku". Usipojitangaza, kwa dunia nzima wewe haupo.

Sasa nisikilize hapa. Zana ambazo wahandisi wao wangetumia kurekebisha kwa mbali nazo zilikuwa zinategemea mtandao ule ule. Ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye vituo vya data, wapite milango ya ulinzi, wafike kwenye mashine zenyewe. Niliposoma maelezo yao nilicheka peke yangu. Ni safari yangu ya saa nne ile ile, ila wao walikuwa na dunia nzima inawasubiri.

Ndiyo maana timu yangu ina njia ya pili ya kuingilia vifaa, ya waya tofauti na umeme tofauti, isiyopita kwenye mtandao tunaouhudumia. Kila mwaka wa fedha anatokea mtu anaiita gharama isiyo na faida, na kila mwaka naitetea.

#8 Dada Fiba

Nami niongeze, maana mmeongea ruta na betri mkanisahau. Mimi naunga fiba, mwaka wa 11 sasa.

Watu wakiona gari letu pembeni ya mtaro wanadhani tunachimba tu. Njooni muone kazi. Uzi wenyewe ukiuvua maganda yote ni mikromita 125 (mikromita 1,000 ndiyo milimita moja), na sehemu ya katikati inayobeba mwanga ni kama mikromita 9. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hiyo 9. Unauvua koti kwa koleo lake, unaupangusa kwa kileo hadi ulie kama sahani safi, unaukata kwa kikatio ili uso wake unyooke, kisha unalaza ncha mbili kwenye mashine. Mashine inazisogeza zenyewe hadi zitazamane, cheche inapiga, kioo kinayeyuka kuwa kimoja. Ukifanya vizuri, upotevu ni desibeli 0.02 au 0.03. Ukishika ncha kwa kidole baada ya kuipangusa, rudia mwanzo. Upepo ukipeperusha vumbi, rudia mwanzo. Nimewahi kuunga nyuzi 96 usiku mmoja ndani ya hema dogo, mvua juu, na simu ya bosi inalia kila robo saa kuuliza "bado?"

Kuhusu kutafuta mkato: tunatumia kipimo cha OTDR. Kinapiga miale mifupi ya mwanga ndani ya uzi, kinasikiliza kinachorudi, kinakuambia umbali wa jeraha. Wageni wanaamini ile namba kama ilivyo. Inasema kilomita 14.3, wanaenda kuchimba kilomita 14.3 za barabara. Wanasahau kwamba fiba haijalala imenyooka kama rula. Kwenye kila shimo la kuungia kuna mzingo wa akiba, na ndani ya kebo yenyewe nyuzi zimesokotwa. Jeraha unalikuta nyuma ya hapo, mita mia kadhaa kabla. Ndiyo maana namheshimu aliyechora ramani akaandika mizingo, na aliyezika bila kuandika nina neno naye.

Na kwa mabinti mnaosoma: mtaulizwa "utaweza kweli?" hadi mchoke. Mimi nilikuwa naulizwa hivyo na watu walioshindwa kusoma hicho kipimo.

#9 Zamu ya Usiku

Dada umemaliza. Ile simu ya "bado?" ipigwe marufuku kisheria.

#10 Mleta uzi

Dada, hapo kwenye mizingo umenigusa. Mara mbili nimewahi kuchimba pasipo.

#11 Kijana wa Waya

Asanteni sana. Swali lingine: hesabu tunazosoma za uwezekano zina kazi yoyote huko kazini? Mwalimu anasema zina kazi ila hasemi wapi.

#12 Mleta uzi

Hili nalipenda.

Alikuwepo Mdenishi mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha kazi inayoonyesha kwamba simu zinazoingia, japo kila mmoja anapiga anapotaka, kwa pamoja zinafuata mtindo unaohesabika. Mwaka 1917 akatoa kanuni zake za foleni, tunazozitumia hadi leo. Kipimo cha msongamano kikapewa jina lake: erlang moja ni njia moja iliyoshikwa saa nzima bila kuachiwa.

Nilikutana naye, kwa jina tu, nilipohamia kupanga minara ya GSM, mfumo wa simu za mkononi wa 2G. Masafa moja ya GSM yamegawanywa zamu 8 za muda. Moja tukiipa kazi ya ishara, zinabaki 7 za maongezi. Swali la bosi: mnara huu unatosha watu wangapi? Ukikubali kwamba simu 2 kati ya 100 zitagonga mwamba saa ya msongamano, jedwali la Erlang linakuambia njia 7 zinabeba erlang 2.94. Simu ya wastani ikiwa dakika moja na nusu, hiyo ni 0.025 ya erlang. Gawanya: simu 117 hivi kwa saa.

Sasa uhondo. Weka njia 14 badala ya 7. Akili ya kawaida inasema mzigo utakuwa mara mbili. Jedwali linasema erlang 8.2, simu 328. Njia zimeongezeka mara mbili, mzigo karibu mara tatu! Sababu ni kwamba kundi kubwa linagawana nafasi vizuri kuliko makundi mawili madogo. Mmoja akimaliza mapema, nafasi yake inachukuliwa na yeyote. Nilikaa na lile jedwali usiku mzima nikihisi nimeibiwa miaka ya chuo, maana tulifundishwa fomula ile ile na hakuna aliyesema ni mnara.

Kitu kidogo pembeni, mtu aliwahi kuniuliza kwa nini mnara ukijaa simu hazipiti lakini ujumbe mfupi unapita. Ni kwa sababu ujumbe ulipanda kwenye njia ya ishara, haukugombania zile 7. Na ukomo wake wa herufi 160 unatoka hapo hapo: nafasi ilikuwa baiti 140, kila baiti ni biti 8, kila herufi ikapewa biti 7 badala ya 8, zikaingia 160.

#13 Mama Ruta

Mimi nauliza la nyumbani, maana mume wangu yuko kwenye hii kazi na jina la humu nimelichukua kwake. Simu inalia saa tisa usiku, anaamka, anakaa sebuleni na laptopu hadi kunakucha. Akiulizwa anasema "kiungo kilikuwa kinapepesuka". Hii hali ina mwisho?

#14 Mleta uzi

Dada, pole, na mpe pole yake.

Wakubwa wetu wanapenda kuahidi "tisa tano", yaani mtandao uwe hewani asilimia 99.999 ya mwaka. Ukipiga hesabu, mwaka mzima umeruhusiwa kulala dakika 5 na sekunde 15 hivi. Mumeo akichukua dakika 5 kutafuta miwani yake, bajeti ya mwaka imekwisha. Ndiyo maana anaruka.

Na kiungo kinachopepesuka ni kibaya kuliko kilichokufa. Kilichokufa kinajulikana, mtandao unazunguka njia nyingine. Kinachopepesuka kinasema nipo, sipo, nipo, na kila mara ruta zote zinaanza kuhesabu njia upya. Kwa hiyo hakudanganyi, na huwa hakielezeki kwa mtu aliyeamshwa.

Ina mwisho? Kwa sehemu. Kampuni yenye adabu inagawa zamu za kuitwa, wiki moja wewe, wiki tatu wengine, na aliyeamka usiku haji asubuhi. Mimi miaka kumi nilikuwa naitwa peke yangu kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Nilijiona shujaa. Kumbe nilikuwa sijaandika kitu, kila kitu kiko kichwani mwangu, nani mwingine angeitwa? Mke wangu ndiye aliyelisema hilo, siyo bosi. Nilikaa miezi mitatu nikaandika: mchoro wa kila kituo, kila kiungo kinaenda wapi, kikianguka fanya nini kwanza. Simu za usiku zikapungua kuliko kifaa chochote tulichowahi kununua. Muulize mumeo, kwa upole, kama ameandika.

#15 Mpita Njia

Mkuu nirudishe maneno yangu ya juu. Swali la mwisho: vyeti. Ninunue vingapi?

#16 Mleta uzi

Karibu tena. Kimoja cha msingi kikufungulie mlango wa usaili, kwa mfano CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, na ujue kinaisha baada ya miaka 3 usipokihuisha. Baada ya hapo kila cheti kiwe kimesababishwa na kazi uliyonayo mezani. Nikifanya usaili siulizi vyeti. Nampa mtu ruta mbili na kebo mbovu, nakaa pembeni. Anayeanza kuandika amri namwacha aandike. Anayeinama kuangalia kama taa ya kebo inawaka, namwandika jina.

#17 Kijana wa Waya

Kiongozi, ile ruta ya saa nne bado ipo?

#18 Mleta uzi

Haipo. Tuliibadilisha mwaka 2019, nami niliomba niende mwenyewe ingawa kazi ile ilikuwa ya vijana. Safari hii barabara ilikuwa nzuri, saa mbili na nusu tu. Nilipoivuta kutoka kwenye fremu, juu yake kulikuwa na vumbi la kidole kizima, na chini ya vumbi ile karatasi, gundi imekuwa ya kahawia, wino mwekundu umefifia lakini unasomeka. Chini ya amri yangu kulikuwa na mstari mwingine kwa mwandiko nisioujua: "Ahsante. Imeniokoa leo." Hakuna jina, hakuna tarehe. Nimeuliza timu nzima, waliopo na waliohama. Kila mtu anakataa.